Mto Tana na Mabingwa Wake

Mvushaji anayeujua Tana haelekezi omo ya mtumbwi wake pale anapotaka kufika. Kwanza hupanda na mto, akienda ubavuni mwa ukingo ambako maji yamepoa na mkondo hauna nguvu, kafi ikiingia majini bila kurusha tone. Akishakipita kivuko kwa umbali wa kutosha, ndipo anapouchomoa mtumbwi kwenye kivuli cha ukingo na kuutia katika maji makali, omo ikitazama kule mto unakotoka. Mkondo humdaka na kumshusha. Yeye huuachia umshushe, huku akiuvusha mtumbwi kidogo kidogo, na anapogusa ng'ambo huwa amefika palepale abiria walipoketi wakimsubiri. Mgeni anayemtazama kwa mara ya kwanza hudhani maji yamemshinda. Mwenyeji anajua kuwa hesabu ya safari ile ilikwisha kupigwa kabla kafi haijalowa.

Ukimtazama kwa karibu zaidi utaiona kazi ya mkono. Ni kafi moja, upande mmoja, tangu ukingo huu hadi ule. Mtumbwi unaopigwa kafi upande mmoja hupinda kuelekea upande wa pili, na asiyejua hubaki akizunguka papo hapo. Mvushaji huunyoosha bila kubadili upande. Kila pigo linapoishia nyuma ya nyonga, kiganja cha juu hugeuka kidogo, ubapa wa kafi husimama wima, na maji husukumwa nje kwa kipimo kinachotosha kuirudisha omo njiani. Ni jambo la kufumba na kufumbua. Halifundishwi darasani, mtoto huliokota kwa kukaa mtumbwini na babu au mjomba wake, mwaka hadi mwaka. Mtu aliyeanza hivyo akaendelea mpaka nywele zikaota mvi amelirudia pigo lile mara zisizohesabika, na katika kila mchezo duniani kurudia kwa namna hiyo ndiko kunakoitwa mazoezi.

Ninamwazia mtu huyo akiwa Kilelengwani, katika delta ya Tana chini ya Garsen, ambako mto huamua karibu kila kitu. Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, unakaribia kilomita 1,000. Hutoka katika safu za Aberdare na Mlima Kenya, hupita kwenye mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yanayozalishia nchi umeme, hukata nyika ya Garissa na Hola, kisha hutawanyika katika matawi, maziwa na mabwawa ya matope kabla ya kuingia Bahari ya Hindi huko Kipini. Humo kwenye delta Wapokomo hulima mpunga, ndizi, maembe na mahindi kwa kufuata mafuriko na kupwa kwa maji. Waorma hushuka na ng'ombe wao wakati wa kiangazi kufuata majani mabichi. Wavuvi hutega kambare na kamongo. Wote hao, siku moja au nyingine, humhitaji mtu mwenye kafi: mgonjwa anayepelekwa zahanati, mwanafunzi aendaye shule, mkulima mwenye mikungu ya ndizi, mfugaji anayevuka huku ng'ombe wake wakiogelea.

Sasa nimweke kando yake mtu mwingine: bingwa wa mashindano ya kupiga makasia, yule wa ridhaa, asiyelipwa mshahara kwa mchezo wake. Huyu hukaa katika mashua nyembamba yenye urefu wa mita nane hivi na uzito wa kilo 14, nyepesi kuliko gunia dogo la mchele. Hukipa mgongo kile anachokiendea, kwa hiyo mstari wa mwisho huujua kwa kuhesabu mapigo na kwa kuwatazama aliowaacha nyuma. Kiti chake huteleza mbele na nyuma juu ya reli ndogo, na nguvu kubwa ya pigo hutoka miguuni, ikapanda mgongoni, ikamalizikia mikononi. Mbio zenyewe ni mita 2,000. Bingwa wa dunia huzimaliza kwa muda wa dakika saba hivi. Kwa ajili ya dakika hizo saba huamka kabla ya alfajiri kwa miaka mingi, viganja vikafanya malengelenge, malengelenge yakawa sugu, kisha akaenda kazini kama watu wengine. Marafiki huoa na kuolewa, hujenga, hupandishwa vyeo. Yeye bado anatafuta sekunde mbili.

Maisha ya watu hawa wawili yanafanana kuliko inavyodhaniwa. Wote wawili wana viganja vigumu na mgongo uliozoea kuuma. Wote wamejifunza kuyasikiliza maji kupitia mti walioushika. Wote hufanya sehemu kubwa ya kazi yao pasipo mtu wa kushangilia. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa, na msemo huo unamfaa mtu mwenyewe kama unavyokifaa chombo. Kinachowatenga ni kimoja tu: wa pili alikaribishwa kwenye mstari wa kuanzia, na wa kwanza hakukaribishwa. Jambo hilo lina historia yake, na inafaa ijulikane hata kando ya mto Tana.

Mbio za mashua za Henley, katika mto Thames nchini Uingereza, zilianza mwaka 1839, na kwa muda mrefu ndizo zilizokuwa zikitazamwa kama kitovu cha mchezo huu. Mwaka 1879 wasimamizi wake waliandika ni nani aitwe mchezaji wa ridhaa. Aliyewahi kushindania fedha aliondolewa, na hilo laweza kueleweka. Lakini hawakuishia hapo. Waliwaondoa pia wote waliowahi kuajiriwa katika kazi za mashua, na wote waliofanya kazi za mikono kwa ujira: mafundi, maseremala, vibarua. Sababu iliyotolewa ni kwamba kazi ya mikono humpa mtu misuli ambayo muungwana hana. Kwa maneno mengine, aliyepata nguvu kwa jasho la riziki yake alihesabiwa kuwa amedanganya kabla hata hajashika kasia.

Mwaka 1920 sheria hiyo ilimkuta John B. Kelly wa Philadelphia, Marekani, aliyekuwa ameanza maisha kama fundi wa kujenga kwa matofali. Alikuwa bingwa wa nchi yake, akaomba kushiriki Henley, akakataliwa. Wiki chache baadaye alikwenda kwenye Michezo ya Olimpiki ya Antwerp, akamshinda Jack Beresford, Mwingereza aliyekuwa ametoka kushinda Henley mwaka huohuo. Akapumzika kwa muda wa nusu saa hivi, akarudi majini pamoja na binamu yake Paul Costello, wakachukua dhahabu ya mashua ya watu wawili. Mwanawe, aliyeitwa kwa jina hilohilo, alishinda Henley mwaka 1947 na tena mwaka 1949. Mlango aliofungiwa baba, mtoto aliupita mara mbili.

Seremala Bobby Pearce wa Australia naye alikataliwa Henley mwaka 1928. Mwaka huohuo, katika Olimpiki ya Amsterdam, aliongoza mbio za robo fainali, akawaona bata na vifaranga wao wakikatiza mbele ya mashua yake. Alisimamisha makasia mpaka bata wote wakapita, akaanza upya, akashinda. Akashinda na fainali. Alikuja kupokelewa Henley mwaka 1931 alipokuwa amehamia Kanada na kupata kazi ya uuzaji, akashinda hapo pia, kisha akachukua dhahabu ya pili huko Los Angeles mwaka 1932. Mikono ilikuwa ileile ya seremala. Kilichobadilika ni karatasi iliyoeleza kazi yake. Mwaka 1936 kikosi cha polisi wa Australia waliokuwa njiani kwenda Olimpiki ya Berlin kilizuiwa pia, fedheha ikawa kubwa, na mwaka uliofuata, 1937, kifungu kinachowabagua wafanyakazi wa mikono kikafutwa.

Kwa sheria ile ya 1879, mvushaji wa Kilelengwani angekataliwa kwa sababu zote mbili. Ni mtu wa kazi ya mikono, na kazi yenyewe ni ya chombo cha majini. Leo hakuna kitabu cha sheria kinachomkataza. Hata hivyo mlango una njia nyingine za kufungwa: bei ya mashua za mashindano, umbali wa vilabu, ukosefu wa makocha, na zaidi ya yote, mazoea ya kuutazama ujuzi wake kama dalili ya umaskini. Tunapoona picha ya mtu wa Tana na kafi mkononi, mara nyingi ni picha ya mafuriko. Tunamwonea huruma. Huruma ni njema wakati wa dhiki, lakini haimtoshi mtu mwenye kipaji. Anastahili pia kupimwa na kuheshimiwa.

Nchini Kenya tunao ushahidi kwamba mlango huu hufunguka ukisukumwa. Asiya Mohamed Sururu wa Mombasa alipoteza miguu yake miwili katika ajali ya treni akiwa mtoto wa miaka miwili. Alikua akacheza tenisi ya viti vya magurudumu, kisha akaingia katika kupiga makasia. Katika daraja analoshindania, mchezaji hufungwa mkanda kifuani, kiti hakitelezi, na kila nguvu hutoka mabegani na mikononi peke yake. Mwaka 2019 alipata nafasi kupitia mashindano ya Afrika yaliyofanyika Tunisia, na mwaka 2021 alishindana katika Paralimpiki ya Tokyo, mita zilezile 2,000, safari ambayo katika daraja lake huchukua zaidi ya dakika kumi. Hakurudi na medali. Alirudi akiwa amewaonyesha wasichana wa pwani kwamba mashua ile na mstari ule wa kuanzia ni vyao pia.

Jirani zetu Uganda walimpeleka Kathleen Noble katika Olimpiki ya Tokyo, mpiga makasia wa kwanza wa nchi hiyo kufika huko. Alikulia Uganda, nchi ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, lakini mchezo huu alikuja kujifunzia katika chuo kikuu cha Princeton nchini Marekani. Sina la kumlaumu, na moyo wake unastahili sifa. Ila habari yake inatuonyesha pengo lilipo. Maji tunayo na mikono tunayo. Anayetaka kushindana ndiye anayelazimika kusafiri.

Na kwamba watu wa kazi wanaweza kugeuzwa washindani bila kuondolewa kwao, Tanzania iliwahi kutuonyesha. Kwa miaka kadhaa mashindano ya mitumbwi ya Balimi, yaliyodhaminiwa na kampuni ya bia, yalifanyika katika kanda ya ziwa, Mwanza, Musoma, Bukoba na Ukerewe, timu za wanaume na timu za wanawake. Washiriki walikuwa wavuvi na wakazi wa mwambao waliokuja na makafi yao. Hawakuhitaji mashua za kisasa. Walihitaji siku, mstari wa kuanzia, waamuzi waaminifu na zawadi. Mambo hayo manne hayazidi uwezo wa kaunti yoyote iliyopitiwa na mto.

Nimechagua kuandika kuhusu Kilelengwani kwa sababu nyingine pia, na hii ni nzito. Watu wengi nchini walilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza tarehe 10 Septemba 2012, kijiji kiliposhambuliwa, watu 38 wakauawa, wakiwemo watoto na maafisa wa polisi tisa. Lilikuwa tukio moja katika mlolongo wa mauaji yaliyoikumba delta mwaka huo, Riketa mwezi Agosti, Kilelengwani Septemba, Kipao Desemba. Kiini chake kilikuwa ardhi, malisho na maji: mkulima akilinda shamba lake la ukingoni, mfugaji akidai malka, ile njia ya kupitishia ng'ombe kwenda mtoni. Mwaka huohuo delta ya Tana iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Dunia iliandika thamani ya ndege na mikoko yetu wakati sisi tulikuwa tunawazika watu.

Sidai kwamba mbio za mitumbwi zinaweza kufuta hayo. Haki, ardhi iliyopimwa na malka zilizokubaliwa ndizo dawa ya ugonjwa ule, na wazee wa Gasa kwa upande wa Wapokomo na wa Matadeda kwa upande wa Waorma wana kazi ambayo mchezo hauwezi kuichukua. Lakini mto unaokumbukwa kwa vita tu huendelea kuzaa hofu. Watoto wanaozaliwa leo Kilelengwani wanahitaji kuurithi mto wenye kumbukumbu nyingine pia, siku ambayo vijiji vilikusanyika ukingoni, jina la mtu wa kwao likaitwa kwa sauti, na aliyeshindwa akampa mkono aliyeshinda. Mchezo una sifa moja ambayo siasa huikosa mara nyingi: matokeo yake huonekana na watu wote kwa wakati mmoja, na mwakani kuna nafasi nyingine.

Tena kuna suala la uhai. Mvua za El Niño za 1997, mafuriko ya 2018, kisha yale ya mwishoni mwa 2023 na ya Aprili na Mei 2024, yote yaliikata kaunti ya Tana River vipande vipande. Barabara ilipomezwa, mtumbwi na mashua ndivyo vilivyobaki. Mwishoni mwa Aprili 2024 mashua iliyojaa watu ilipinduka eneo la Kona Punda, karibu na Garissa. Msalaba Mwekundu wa Kenya uliwaokoa watu 23, na wengine wakapoteza maisha. Misiba ya namna hiyo inapaswa kutufundisha kwamba ujuzi wa majini ni huduma ya umma. Mashindano yanayoanza kwa kumtaka kila mshiriki ajue kuogelea, avae jaketi la kuokoa maisha, ajue uzito ambao chombo chake kinaweza kubeba na ajue kumwokoa mwenzake, huacha nyuma kikosi cha waokoaji katika kila kijiji. Kombe hukaa kabatini; ujuzi hubaki mtoni.

Njia ya mbele pia imefunguka kuliko zamani. Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar, mwaka 2026, na Olimpiki ya Los Angeles, mwaka 2028, zimeweka katika ratiba mbio za makasia za ufukweni, ambapo mchezaji hukimbia mchangani, huingia katika mashua, huzunguka maboya baharini, hurudi na kukimbia tena hadi mwisho. Hazihitaji ziwa la kuchimbwa wala maji yaliyotulia kama kioo. Zinahitaji ufuko, mawimbi na mtu asiyeogopa maji yanayotikisika. Kipini ina ufuko, na delta nzima ina watu wa aina hiyo. Hadi leo dhahabu zote za Kenya katika Olimpiki zimetoka katika riadha, isipokuwa moja ya ngumi aliyoileta Robert Wangila kutoka Seoul mwaka 1988. Nchi iliyogundua kwamba njia za milimani zinazaa wakimbiaji inapaswa kujiuliza mito na bahari zake zinazaa nini.

Na kila Mkenya anaposimama juu ya jukwaa la washindi, wimbo unaopigwa ni wa mto huu. Sauti ya wimbo wetu wa taifa, ulioandaliwa mwaka 1963, ilitokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto. Wakimbiaji wa Bonde la Ufa wameusimamia wimbo huo kwa machozi mbele ya dunia nzima, kizazi baada ya kizazi. Watu wa Tana walitoa sauti ya ushindi. Bado hawajapewa nafasi ya kuushindania.

Kwa hiyo naomba mambo ya wazi. Serikali ya kaunti ya Tana River iweke mbio za mitumbwi katika kalenda yake ya kila mwaka, msimu ambao maji yametulia, mahali ambapo mamba na viboko wamechunguzwa, na vijiji vya delta vipokezane kuwa wenyeji, Kilelengwani ikiwa ya kwanza. Gasa na Matadeda wakae meza moja ya waamuzi. Kila timu ichanganye watu wa jamii mbili au zaidi, na wasichana wapewe mbio zao na zawadi iliyo sawa. Shule za Garsen na Kipini zifundishe kuogelea. Chama cha mchezo wa makasia nchini kishuke delta na mashua hata mbili, kiwachague vijana kwa saa na mizani, bila kuangalia kwao ni wapi.

Wewe msomaji ukipita Garsen, shuka mtoni, uvuke kwa mtumbwi angalau mara moja. Tazama mkono wa anayekuvusha. Mlipe nauli yake kamili, umwite kwa jina, na ukirudi kwenu useme ulichokiona, kwa sababu bingwa asiyesemwa na watu wake hatafutwi na mtu.